Nilichukua michoro ya msanifu wa kwanza nikampa wa pili aimalizie. Kosa langu liko wapi?

Saa Mbovu #1
Wakuu habari zenu. Nina jambo, naombeni ukweli, matusi wekeni akiba.

Nilitaka kujenga. Nikampata msanifu majengo, tukakaa vikao vitatu, akaja kiwanjani na mtu wake wa kupima, baada ya wiki mbili akanitumia michoro ya awali. Niliipenda mno. Shida ikaja alipotaja gharama ya kuendelea hadi michoro kamili ya ujenzi. Niliona kubwa, ila sikumwambia ni kubwa. Nilimwambia "ngoja nishauriane na familia kwanza", halafu nikamkaushia. Simu zake tatu sikupokea, ujumbe wake wa mwisho niliusoma nikapita.

Michoro nikampelekea mwingine aliyekubali kuimalizia kwa theluthi ya bei ya yule. Alimaliza, sikatai. Sasa mafundi wamefika kwenye ngazi, na msimamizi wao ananiambia mtu akifika kipandio cha nane anagonga kichwa kwenye boriti. Huyo wa pili simu yake imezimwa.

Nataka kumrudia wa kwanza. Mke wangu anasema sina haya. Mimi naona ni biashara: mteja anachagua, na michoro ya awali ni sampuli tu. Sikusaini naye popote. Hivi mtaalamu unayempa kazi ana haki gani kwako zaidi ya hela yake?

Tetesi #2
Navuta kiti.

Mkaidi #3
"Zaidi ya hela yake." Mkuu, hiyo hela yenyewe ulimpa?

Saa Mbovu #4
Nilimlipia nauli ya kuja kiwanjani.

Tetesi #5
Nauli! Hahaha, endeleeni, mimi sipo.

Penseli Butu #6
Kazi yangu ni hiyo hiyo ya kusanifu, kwa hiyo nisome ukijua naegemea wapi.

Michoro ya awali si sampuli. Sampuli ni zile kazi zake za zamani alizokuonyesha siku ya kwanza. Kwenye michoro ya awali ndiko maamuzi mazito yanakofanyika: nyumba itazame wapi, jua la jioni liingie chumba gani, maji machafu yatokee upande upi, ngazi ikae wapi isije ikagombana na boriti. Yanayofuata ni mengi kwa wingi wa karatasi, lakini kichwa kimeshafanya kazi yake. Wewe ulichukua kichwa, ukalipia miguu.

Halafu, karatasi uliyonayo ni yako, mchoro ni wa aliyeuchora mpaka mkubaliane vingine. Mkataba wa Berne wa 1886 unaolinda kazi za waandishi na wasanii ulitaja michoro ya usanifu tangu mwanzo, na nchi nyingi sana zimeuridhia. Ulinzi wake hausubiri saini wala muhuri.

Ila linalokuuma wewe leo ni jingine. Mchoro hausemi kwa nini. Unaonyesha ngazi iko hapa, hauonyeshi sehemu nne ilikojaribiwa ikakataa. Anayemalizia kazi ya mwenzake bila kuongea naye anasogeza kitu kidogo tu, kumbe kagusa kilichoshikilia mengine kumi. Nikuulize: ngazi ilisogezwa?

Saa Mbovu #7
Ilisogezwa kidogo. Niliomba mwenyewe, sebule ipate nafasi.

Mkaidi #8
Penseli hapigi ramli, lakini kapatia.

Ngalawa77 #9
Naona hukumu imeshatoka kabla ya utetezi. Ngoja nisimame upande wa mleta mada.

Wataalamu nao wana yao. Nilimpa kijana kazi ya kunitengenezea programu ya kuendeshea stoo. Akataka nusu mbele, nikampa siku hiyo hiyo. Wiki ya kwanza ananitumia picha za skrini kila jioni, roho yangu kwatu. Wiki ya pili "nipo kwenye majaribio". Wiki ya tano kaingia mitini na kishika uchumba changu. Nilipomtafuta mwingine aitazame, akaniambia kilichokuwepo ni kiolezo cha bure kimebandikwa jina la biashara yangu, basi.

Tangu siku hiyo mtaalamu yeyote namlipa akishamaliza, na bajeti yangu hataijua. Ukimwambia una kumi, kazi ya sita inageuka ya kumi. Nyie mnaita kukosa uungwana. Mimi naita kovu.

MamaHesabu #10
Pole Ngalawa. Lakini hapo kwenye kuficha umenigusa, maana mimi ni mhasibu na nafichwa makubwa kuliko bajeti.

Mteja wangu mmoja aliniletea hesabu za mwaka mzima, risiti zimepangwa kwa tarehe, nikafurahi. Nikaandaa ritani ya kodi, nikaweka saini yangu. Miezi minne mbele watu wa kodi wanauliza kuhusu akaunti ya pili ya benki ambayo sijawahi kuisikia. Namuuliza, ananijibu "ile ni ya pembeni, nilidhani haikuhusu". Theluthi ya mauzo ilikuwa inapita huko.

Mficha uchi hazai. Angeniambia mapema tungesahihisha wenyewe kabla ya kuulizwa, na anayejisahihisha mara nyingi hupata unafuu. Badala yake tulikaa mbele ya meza ya watu nikionekana ama mwizi ama mjinga, na yeye amekaa pembeni ananitazama kana kwamba mimi ndiye mwenye majibu.

Kazi yake niliiacha. Sikumtukana. Ni kwamba kila karatasi aliyonipa baada ya pale niliisoma mara tatu, na kwa ada ile siwezi kusoma mara tatu.

Mkaidi #11
Mama, hiyo ya kwako ni ya uongo, ya mleta mada ni ya kutolipa. Mada mbili.

MamaHesabu #12
"Ngoja nishauriane na familia" ilikuwa kweli?

Mkaidi #13
Nimerudi nyuma.

Nesi wa Zamu #14
Niongeze la upande wetu. Mwaka 2018 ulitoka utafiti Marekani, wagonjwa wakaulizwa kama wamewahi kumficha daktari mambo yanayohusu afya yao. Zaidi ya asilimia 60 walikiri: hawakusema kwamba hawakubaliani na ushauri, au kwamba hawakuelewa maelezo, au wanakula nini, au hawafanyi mazoezi. Sababu waliyotaja sana ni kuogopa kuhukumiwa au kuhubiriwa. Kwa hiyo si kila anayeficha ni mjanja. Wengi wanaona aibu tu.

La pili ni heshima. Huko Israeli timu 24 za wahudumu wa watoto njiti ziliwekwa kwenye zoezi la kuigiza, mtoto wa bandia hali inabadilika ghafla. Nusu ya timu zikasikia mtaalamu mgeni akitoa maneno ya kuwadharau, nusu zikasikia maneno ya kawaida tu. Waliodharauliwa walikosea zaidi kwenye kutambua tatizo na kwenye kutumia mikono yao. Matokeo yalichapishwa 2015. Wakarudia baadaye, safari hii anayedharau ni mwigizaji aliyejifanya mama wa mtoto, madhara yakaonekana tena.

Kumbuka hakuna aliyekasirika akasusa. Kila mtu alikuwa anajitahidi. Akili tu ilikuwa imegawanyika.

Ngalawa77 #15
Kwa hiyo tukiwafokea mnatuchoma sindano vibaya? Hiki ni kitisho kabisa.

Nesi wa Zamu #16
Si kitisho kaka. Jaribu kuhesabu matone huku mtu anakuita mjinga, halafu uje unisimulie.

Mzee Kijiti #17
Wanangu, ugomvi huu ni mkongwe kuliko intaneti yenu. Hammurabi wa Babeli, karibu miaka 3,800 iliyopita, alishaweka ada ya mganga na ya mjenzi kwenye sheria. Nyumba ikianguka ikamuua mwenye nyumba, mjenzi anauawa. Na kule Efeso ya kale msanifu alitaja makisio mapema, mali yake ikawekwa rehani, na kazi ikizidi hata senti moja juu ya makisio alilipa yeye. Leo mnadekezana. Rudisheni ile ya Efeso muone kama kuna makisio yatakayozidi.

Kamusi Hai #18
Shikamoo mzee. Ya Babeli uko sawa. Ya Efeso nakusahihisha kidogo. Anayeisimulia ni Vitruvius, msanifu wa Kirumi, na ilihusu kazi za umma. Gharama ikilingana na makisio, msanifu alipewa heshima. Ikizidi kwa si zaidi ya robo, hazina ya mji ilifidia bila adhabu. Kilichovuka robo ndicho kilichotoka kwenye mali yake.

Yaani hata hao wakali walijua makisio ni makisio. Robo nzima waliisamehe.

Mzee Kijiti #19
Marahaba. Robo nimeisahau kwa sababu mimi sijawahi kusamehewa robo.

Penseli Butu #20
Hii ya robo naomba niichapishe niitundike ofisini.

Sikio la Kufa #21
Mmenikumbusha ya Picasso. Mwanamke alimkuta mkahawani akamwomba amchoree chochote kwenye kitambaa cha karatasi. Picasso akachora kwa sekunde thelathini, akataja bei kubwa. Mama akashangaa: "Lakini umetumia sekunde thelathini tu!" Akamjibu: "Hapana, nimetumia miaka arobaini." Mleta mada tafakari.

Kamusi Hai #22
Hiyo inasimuliwa kila mahali, hakuna aliyewahi kuithibitisha. Wengine wanasema dakika tano, wengine miaka thelathini, bei nayo inapanda kila mwaka.

Iliyo na kumbukumbu ni ya mchoraji Whistler, mahakamani London, 1878. Alimshtaki mhakiki John Ruskin aliyeandika kwamba anadai pesa nyingi kwa kuurushia umma ndoo ya rangi usoni. Wakili wa Ruskin akambana: kazi ya siku mbili ndiyo unayoidai gini 200 (fedha ya Uingereza ya zamani)? Whistler akajibu kwamba haidai kwa siku mbili, anadai kwa ujuzi wa maisha yake yote.

Tetesi #23
Akashinda?

Kamusi Hai #24
Alishinda. Fidia ikawa fardhingi moja, robo ya peni, na gharama za kesi akabaki nazo. Mwaka uliofuata alifilisika.

Tetesi #25
Duh. Msimulie Picasso tu, hiyo nyingine inavunja moyo.

BintiKipimo #26
Mfasiri hapa. Maadui wangu wakubwa si matajiri wanaobana, ni watu wanaonipenda. "Nisaidie mara moja tu, ni kurasa mbili." Kurasa mbili za hati ya mahakama, wakati mwingine jioni nzima inaishia kwenye neno moja, maana nikikosea neno hilo mtu anapoteza haki yake. Halafu kesho yake anampa rafiki yake anayeijua lugha ile "kidogo", airekebishe, na jina langu linabaki chini.

Ila nami nina dhambi, niseme ukweli. Kuna mteja aliniuliza kazi imefikia wapi nikamwambia "naimalizia". Nilikuwa sijaifungua. Nilikaa usiku kucha, nikaipeleka asubuhi ikiwa na makosa mawili ambayo yeye aliyaona na mimi sikuyaona. Hakunifokea. Aliniandikia mistari miwili: "Nimeyarekebisha haya mawili. Safari nyingine niambie tu hujaanza, nitapanga upya." Niliona aibu ya kutosha mwaka mzima. Ni mteja ambaye mpaka leo kazi yake naianza kabla ya nyingine yoyote, na hajui.

Ngalawa77 #27
Sasa wewe dada umethibitisha ninachosema. "Naimalizia" na "nipo kwenye majaribio" ni mama mmoja baba mmoja. Na huko kuwabembeleza kuna hatari yake: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

BintiKipimo #28
Mteja wangu hakunisifu hata kidogo, kaka. Soma tena. Aliniambia kosa langu bila kunivua nguo.

Kalamu Nyekundu #29
Tunazunguka. Nauliza hivi: kwa nini mtu yule yule anayelipa fundi matofali bila kelele, mtu wa kichwa anambana? Mimi ni mhariri na jibu langu ni moja. Kazi yetu ikiwa nzuri haionekani. Kitabu kilichohaririwa vizuri msomaji anaona mwandishi ana kipaji. Mkataba ulioandikwa vizuri haufiki mahakamani, kwa hiyo unajiuliza wakili alifanya nini. Ukuta unauona umepanda. Boriti ambayo haikugongi kichwa huioni kabisa.

Mkaidi #30
Nakataa. Fundi matofali naye anapigwa danadana kila siku. "Rudi Jumatatu" imetungiwa yeye. Sababu si kuonekana kwa kazi, ni nani mwenye njaa zaidi. Anayeweza kusubiri anamtesa asiyeweza kusubiri. Ndiyo maana wakili mwenye jina hawamchezei, na kijana aliyemaliza chuo jana wanamchezea, na kazi zao zote ni za kichwa.

Sikio la Kufa #31
Mimi naona ni woga. Mleta mada hakuwa mwizi, alishindwa kutamka "bei imenizidi". Neno moja hilo lingemwokoa na ngazi. Tumelelewa kuona aibu kusema sina, kuliko aibu ya kumkimbia mtu.

Saa Mbovu #32
#31 umeniingia. Kweli ilikuwa hivyo. Nilihisi nikisema kubwa ataniona sina kitu.

Penseli Butu #33
Na angekujibu nini? Mimi ningekwambia tupunguze kazi, tusipunguze bei. Chukua michoro ya awali, nilipe hatua hiyo, nenda nayo kwa mwingine ukiwa na barua yangu ya kuruhusu na maelezo ya mambo ya kuangalia. Wenzangu wengi wangekubali. Hatua za kazi zimegawanywa ndio sababu: ya awali, ya kina, ya usimamizi, kila moja na malipo yake, na mlango wa kutokea.

Ngalawa77 #34
Hapo kwenye hatua nimekuelewa. Kijana wangu wa programu ningemlipa kwa hatua asingekimbia na nusu, angekimbia na robo.

MamaHesabu #35
Hahaha, robo ya Efeso.

Kwa wanaosema "hatukusaini": sehemu nyingine sheria imeshafika huko. Jiji la New York, tangu 2017, ukimpa mtu wa kujitegemea kazi ya dola 800 au zaidi unatakiwa uwe na mkataba wa maandishi, na kama tarehe ya malipo haikutajwa, umlipe ndani ya siku 30 baada ya kumaliza kazi. Uingereza, tangu sheria ya 1998, deni la biashara kwa biashara likichelewa linazaa riba ya asilimia 8 juu ya riba ya Benki Kuu yao. Kila mtu aangalie ya kwao. Lakini hata pasipo na karatasi, mahakama nyingi huweza kuamua mtu alipwe thamani ya kazi aliyoombwa akaifanya. Nauli haihesabiki.

Mzee Kijiti #36
Kukopa harusi, kulipa matanga.

Mkaidi #37
Tukiwa kwenye mawakili: nilisikia majoho ya mawakili wa Uingereza yana kifuko mgongoni, eti zamani mteja alikuwa anatumbukiza hela humo wakili akiwa ametazama pembeni, ili asionekane anauza haki. Kweli?

Kamusi Hai #38
Kifuko kipo. Maelezo ya hela ndiyo matamu, lakini wengine wanasema ni mabaki ya kofia ya maombolezo iliyokuwa inaning'inia mgongoni. Hawajakubaliana.

Ila aibu ya kupokea malipo ni ya kweli na ni ya zamani. Roma, mwaka 204 kabla ya Kristo, ilipitishwa sheria ya kukataza kupokea zawadi kwa kumtetea mtu mahakamani. Watu wakapokea tu kimyakimya, mpaka Kaisari Klaudio akasalimu amri mwaka 47 na kuweka kikomo cha sesterti 10,000, fedha ya Kirumi. Neno honoraria linatoka kwenye fikra hiyo hiyo, kwamba hiki si mshahara, ni heshima. Na Uingereza mawakili hao wa majoho walikuwa hawawezi kumshtaki mtu kwa ada mpaka sheria ilipobadilishwa 1990.

Kalamu Nyekundu #39
Hapo umenipa sababu nyingine bila kutaka. Tukiita malipo "asante" au "shukrani", mlipaji anaamini kweli ni hisani yake. Ankara haina shukrani ndani. Ina tarehe.

Nesi wa Zamu #40
Hiyo naichukua.

Sikio la Kufa #41
Kuna mchumi George Akerlof alieleza jambo karibu na hili mwaka 1970 kwa mfano wa magari yaliyotumika, baadaye akashiriki Tuzo ya Nobel ya 2001. Muuzaji anajua gari lina ubovu gani, mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, anataka kulipa bei ya wastani kwa kila gari. Wenye magari mazuri wanaona hasara, wanatoka sokoni, wanabaki wenye mabovu, na mnunuzi anasema "nilijua tu". Weka mtaalamu mahali pa gari. Ngalawa aliumizwa na mmoja, sasa anawabana wote, wazuri wanamkwepa, anabakiwa na kina kiolezo cha bure.

Ngalawa77 #42
Kwa hiyo nilichoibiwa ni kosa langu?

Sikio la Kufa #43
La kwanza hapana. La pili likitokea tutaongea.

Mkaidi #44
Mfano umepinda. Gari halina hisia, halibadiliki kwa jinsi unavyolitazama. Mtaalamu ukimshuku kila dakika anaanza kufanya kazi ya kujikinga: kila kitu anaandika, kila jibu "inategemea", vipimo visivyohitajika anaongeza asije akalaumiwa. Unamlipa ili ajilinde dhidi yako.

Nesi wa Zamu #45
Naunga mkono #44 kwa mikono miwili, na mmoja una glavu.

Mzee Kijiti #46
Lakini pia tusifanye kana kwamba adabu ni ya mteja peke yake. Mimi nimekuwa mteja miaka mingi. Kuna daktari alinisikiliza akiwa anaandika, hakuinua macho, akanipa karatasi nikatoka. Ugonjwa alipatia. Nilipona. Sikurudi kwake tena. Sasa huyo alinikosea au hakunikosea? Mpaka leo sijui, na dawa yake ilifanya kazi.

BintiKipimo #47
Mzee hilo fungulia uzi wake, tutakuja.

Tetesi #48
Mleta mada uko wapi? Au unashauriana na familia?

Saa Mbovu #49
Nipo. Nilikuwa nampigia.

Alipokea mlio wa pili. Nilitegemea matusi, nilikuwa nimeandaa na hotuba. Nikaanza kuzunguka, akanikata: "Ngazi?" Nikasema ndiyo. Akauliza nani alimalizia, nikamwambia, akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kwenye nakala niliyompa mwenzake kama kile kisanduku cha pembeni chini kulia kilikuwepo.

Hapa wakuu niseme ambalo sikulisema kwenye #1. Kisanduku kile kina jina lake na namba yake ya usajili. Nilikikata kabla ya kumpa wa pili, asije akakataa kazi ya mtu mwingine. Kumbe juu ya jina kulikuwa na maelezo kwa herufi ndogo. Kanisomea kutoka kwenye nakala yake: ngazi isisogezwe upande wa sebule, boriti inapita hapo.

Penseli Butu #50
Sina la kuongeza.

Tetesi #51
Mimi ninalo: aaaaaah!

MamaHesabu #52
Akasemaje mwishoni? Anarudi?

Saa Mbovu #53
Kasema mafundi wasimamishe ngazi tu, mengine waendelee. Atakuja kuangalia kama inaweza kugeuzwa bila kubomoa, hana hakika mpaka aione, na hataki kunipa matumaini kwa simu. Ila kabla ya kuja ananitumia ankara ya vile vikao vitatu na michoro ya awali, ya kuja safari hii itakuwa peke yake. Bei aliyonitajia kwenye simu hakuipandisha, nimelinganisha na ile ya mwanzo. Hakuniuliza kwa nini sikupokea simu. Ningependa angeniuliza.

Kalamu Nyekundu #54
Mke wako umemwambia habari ya kisanduku?

Saa Mbovu #55
Hiyo bado.

Mkaidi #56
Ankara imefika?

Saa Mbovu #57
Imeingia sasa hivi. Naisoma.

Ngalawa77 #58
Unalipa leo, au ngoja kwanza ushauriane na familia?